Lelemama, Tuzo na Suala la Nani Amsemee Nani: Kutoka Mji wa Kale hadi Tononoka

Wahakiki wa ushairi wa Mombasa wamezoea kuanza na Muyaka bin Haji na kuishia kwa Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Njia hiyo ni njia ya wanaume, na tena ni njia ya maandishi. Muyaka mwenyewe, aliyefariki mnamo mwaka 1840, asingewafikia wasomaji wa leo lau Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor wasingeyakusanya mashairi yake midomoni mwa watu kabla hayajapotea. Nyimbo za wanawake wa mji huo huo hazikupata Sikujua wala Taylor. Ziliimbwa nyuani na mitaani, zikajibiwa, zikachoma, zikatuliza, kisha nyingi zikenda na wenyewe.

Kati ya hizo, zilizostahili kukusanywa mapema zaidi ni nyimbo za lelemama. Ngoma hii ilishamiri Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwendo wake ni wa taratibu, na mtazamaji asiyeijua aghalabu hudhani hakuna linalotendeka: wanawake wamejipanga safu, mikono ndiyo inayosema, na maneno hutolewa kwa utulivu kama kwamba hayana mwiba. Lakini mwiba umo. Vyama vya lelemama vilishindana, na ushindani uliovuma zaidi ulikuwa baina ya Ibinaal Watan na Banu Saada. Kila chama kilikuwa na uongozi wake na vyeo vyake, na cheo kilipatikana kwa gharama ya karamu. Mwanachama aliyefiwa au aliyeoza hakuachwa peke yake. Wenzake walikuja na mikono na michango. Kushindana kwa karamu kulifilisi baadhi ya watu, na hilo halifai kufichwa. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyechapisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, hakukemea israfu ya sherehe za mji bila sababu.

Mwanahistoria Margaret Strobel ndiye aliyeviandikia vyama hivi kwa mapana, kwanza katika makala ya mwaka 1976, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Baadaye, pamoja na Sarah Mirza, alitoa masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, lilichapishwa mwaka 1991. Deni la wasomaji wa Kiswahili kwa kazi hiyo ni kubwa. Hata hivyo, makala ile ya kwanza inaanza na picha ya safari: wanawake wanatoka katika lelemama na kufika katika vyama vya kudai haki mbele ya serikali. Picha ya safari huifanya ngoma kuwa kituo cha kupita. Mwanahistoria ana haki ya kuitazama hivyo, kwa kuwa anachotafuta ni chama. Mhakiki wa fasihi anayemfuata katika hilo huwa ameuacha wimbo ambao ndio uliowakusanya wanawake hao.

Yafaa itazamwe kilichotendeka ndani ya wimbo. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini sheria haikuondoa nasaba vinywani mwa watu. Masimulizi ya Bi Kaje, aliyezaliwa katika nasaba ya waungwana, na ya Mishi, ambaye jadi yake ilikuwa ya utumwa, yanaonyesha jinsi miji miwili ilivyokaa ndani ya mji mmoja. Katika lelemama wanawake wa asili hizo mbili waliweza kuwa safu moja. Haikuwa usawa, kwa maana nasaba na mali vilijua njia ya kujipenyeza hata humo. Ila mwanamke ambaye barazani asingeulizwa neno, ngomani alikuwa na mahali pa kusimama, na akisimama huyasema yake kwa kinywa chake. Uchungu uliokuwa ukilala ndani ya nyumba ulitolewa nje ukiwa umevishwa fumbo, na aliyekusudiwa alijua amekusudiwa. Kisha alikuwa na haki ya kujibu, naye chama chake kilimngoja ajibu.

Hapo ndipo penye uponyaji, kama neno hilo linafaa. Mara nyingi husemwa kwamba sanaa huponya kwa kutuliza. Lelemama ilifanya kazi kwa namna nyingine, iliyo karibu zaidi na ile ya mganga wa ngoma ya pepo: huyo hamfukuzi pepo mpaka kwanza amemtaja jina, amempigia wimbo wake na amesikia anachotaka. Kulitaja jambo ndiyo dawa, na dawa hiyo ni kali. Upo wimbo uliovunja nyumba ya mtu, na hakuna msamaha wa kihakiki utakaoufanya mwema kwa sababu ulikuwa na mizani nzuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walidai haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, haki ambayo wanaume wao walikuwa nayo. Dai lilikuwa la haki, na uzoefu wa kuendesha vyama vya ngoma haukukosa kuwafaa. Lakini serikali ya kikoloni iliwaandika watu kwa mataifa: Wazungu, Wahindi, Waarabu, Waafrika. Ili mwanamke awakilishwe, ilibidi kwanza achague safu moja katika daftari, na safu za daftari hazikuwa zile za ngoma. Waliokuwa wakiimba bega kwa bega wangeweza sasa kuhesabiwa mbali mbali. Wakati huo huo lelemama ilikuwa ikififia, ikionekana kuwa jambo la kale lisilowastahiki wanawake wa heshima mpya. Mtu sasa alikuwa na wa kumsemea, na mahali pa kujisemea palikuwa pamepungua.

Pamepungua, si kwamba pamekwisha. Tononoka, ndani ya kisiwa lakini nje ya Mji wa Kale, kuna ukumbi wa umma ambamo wananchi huitwa kutoa maoni yao kuhusu mambo ya kaunti. Mwenye kusema huinua mkono, hupewa dakika zake, na maneno yake huandikwa, au husemwa kuwa yameandikwa. Usiku wa harusi, kumbini kama humo, taarabu huwa na taratibu nyingine. Tuchukue kuwa shairi limetungwa na mwanamume na kuimbwa na mwanamume, kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alivyokuwa akiimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir. Ubeti ukifika mahali pake, mwanamke huinuka kitini, huenda kwa madaha mpaka mbele, hutoa fedha, na pengine hugeuka kidogo kuelekea meza fulani kabla ya kurudi. Tangu hapo ubeti si wa mtunzi tena wala wa mwimbaji. Ni wake yeye. Hakuongeza hata neno moja, na meza ile imekwisha kusikia.

Tendo hilo ni la kifasihi, na uhakiki wa ushairi wa Mombasa haujalipa nafasi. Kanuni za vina na mizani hazilioni, kwa kuwa halimo katika maandishi. Kanda zilizouzwa na Mbwana Radio Service pale Mombasa zimehifadhi sauti za waimbaji wengi, na bila kanda hizo hasara ingekuwa kubwa mno. Zimeshika sauti, fidla, ngoma na vigelegele. Nani aliinuka, kwenye ubeti upi, na alimtazama nani, kanda haisemi. Wanaojua ni wanawake waliokuwa wameketi pale usiku ule, na wale wa miaka ya mwanzo wanazidi kupungua.