Babu aliyepatikana katika kitabu

Mseminari mmoja alitujia na kitabu mkononi, akakiweka juu ya meza, akasema: «Padri, mtu huyu ametudanganya.» Kitabu chenyewe kilikuwa Roots, cha Alex Haley, katika Kifaransa Racines. Alikuwa amekisoma kwa machozi; kisha mwenzake akamwambia kwamba wenye elimu ya historia wamekipinga, na tangu siku ile hakutaka kukifungua tena. Twaandika maneno haya kwa ajili yake, na kwa wengine wasomao hadithi za zamani kwa moyo kama wake.

Haley, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka wa 1921. Katika utoto wake kule Henning, jimbo la Tennessee, alisikia bibi yake akisimulia barazani habari za babu wa kwanza, «Mwafrika» tu, ambaye gitaa aliiita ko, na mto Kamby Bolongo. Maneno machache hayo ndiyo yaliyobaki ya nchi nzima. Haley aliyafuata kama mwindaji afuatavyo nyayo, mpaka kijiji cha Juffure katika Gambia. Huko mzee mmoja akamtajia Kunta Kinte. Kitabu kilitoka mwaka wa 1976.

Wasomaji walikipokea namna gani? Katika Januari 1977 televisheni ya Marekani ilionyesha hadithi hiyo siku nane mfululizo, na watu kama milioni 130 walitazama walau sehemu yake. Lakini hesabu hiyo si ajabu kubwa. Ajabu ni hii: watu wengi, weusi na weupe, walifunga kitabu wakaenda kutafuta babu zao wenyewe katika maandiko ya serikali na ya makanisa. Msomaji akimaliza hadithi tamu, kwa kawaida hutafuta nyingine. Hawa walitafuta wazee wao.

Kisha yakaja mashaka. Mwaka wa 1978 Haley alikubali kumlipa Harold Courlander dola 650,000, kwa sababu vipande vya kitabu chake The African, cha mwaka wa 1967, vilionekana ndani ya Roots. Mwaka wa 1981 Donald Wright, mwalimu wa historia, alionyesha kwamba ushuhuda wa yule mzee wa Juffure haukustahili kutegemewa. Tena maandiko ya Virginia yanamtaja mtumwa Toby, ambaye kwa Haley ndiye Kunta, mbele ya kufika kwa ile meli ya mwaka wa 1767.

Wengine husema: mtunga hadithi hana deni kwa mtu, atunge apendavyo. Twakubali nusu tu. Hakuna aliyekasirika kwa sababu Kunta anaongea na baba yake maneno yasiyoandikwa popote. Kila msomaji ajua kwamba hayo yametungwa. Ubaya uko katika sura za mwisho. Pale Haley anavua nguo ya mtunga hadithi, anasema «mimi», anahesabu safari zake, anataja jina la meli kama shahidi mbele ya mwamuzi. Msomaji naye anaacha kusikiliza hadithi, anaanza kuamini. Na tuseme neno moja zaidi, ambalo wachache hulitaja: Juffure ya kitabu ni kijiji kilicho mbali na wazungu, lakini Juffure ya kweli ilikuwa karibu sana na kituo cha biashara cha Waingereza. Kosa hilo si dogo, maana linatuondolea swali gumu: nani alijua, nani aliuza, nani alinyamaza?

Lakini hasira ya mseminari wetu haitokani na tarehe. Katika hesabu za watu wa Marekani za mwaka wa 1850 na 1860, mtumwa aliandikwa chini ya jina la bwana wake: umri, mume au mke, rangi, jina lake mwenyewe karibu kila mara halikuandikwa. Mtu wa ukoo wa namna hiyo, akipewa jina la babu, hapokei hadithi, anapokea ndugu. Basi ukimwambia jina lile si hakika, umemzikia babu yake mara ya pili. Ndiyo maana twamlaumu Haley kwa kuapa, wala si kwa kutunga. Mateso ya merini, minada, watoto waliouzwa mbali na mama zao, hayo yana mashahidi wengi nje ya kitabu chake.

Tulimrudishia mseminari kitabu, tukiisha kutia alama ya kalamu pale sura za «mimi» zinapoanza. Akauliza kama yafaa kuendelea kumpenda Kunta Kinte. Tulimjibu kwamba sisi bado twampenda. Akachukua kitabu chake, akatoka pasipo kujibu.