Tenki la Pili Chini ya Land Cruiser

Gereji za Arusha zinasifika kwa kukata Land Cruiser, kurefusha chesisi yake na kuipa paa la kufunguka ili watalii wasimame wamtazame simba. Kazi hiyo inaonekana na inapigwa picha. Anayetaka kuujua ubingwa wa fundi hana budi kulala chali chini ya gari, aangalie kati ya chesisi na propela, penye tenki la pili la dizeli.

Haja ya tenki hilo inaeleweka kwa yeyote anayeujua ukubwa wa nchi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere peke yake ina takriban kilomita za mraba 30,000, karibu sawa na Ubelgiji nzima. Gari linalokula lita 15 kwa kila kilomita 100 litakwenda kilomita 600 kwa tenki la lita 90. Masika yakiingia, likang'ang'ana na matope kwa gia nzito na kula lita 20, kilomita zinashuka hadi 450, na humo ndimo mna kwenda na kurudi. Baadhi ya Land Cruiser 78 hutoka kiwandani na matenki mawili ya lita 90 kila moja. Zilizotoka na moja huletwa kwa fundi.

Zamani mafuta ya akiba yalibebwa kwa vyombo. Ralph Bagnold alipounda kikosi cha Long Range Desert Group huko Misri mwaka 1940, jeshi la Uingereza lilikuwa likisafirisha petroli kwa madebe ya bati jembamba ya galoni 4, ndugu wa debe tunalopimia mahindi hadi leo. Mishono ilifumuka na petroli ikanyweka mchangani. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lenye mshono imara na nafasi ya hewa juu ili mafuta yapate pa kutanukia, Waingereza wakaliiga. Ni dumu zuri kwelikweli. Lakini madumu yakipangwa kwenye keria, gari linayumba kwenye kona, na yakiwekwa nyuma ya viti, abiria wanashinda na harufu.

Ndiyo maana fundi anageukia chini ya sakafu, kwenye mabaki ya nafasi walioliunda gari waliyoiacha bila kuikusudia. Anakata boksi, analikunja, anajaribisha, anapunguza tena. Gari likiwa limesimama kila kitu kinaonekana kina nafasi. Porini springi zinabonyea, difu inapanda na kuipandisha propela, na ekzosi inachemka. Fundi mzuri anayaona haya yote wakati gari limetulia juu ya jeki, na umbo linalobaki mikononi mwake halina duka linaloliuza.

Zinki inang'aa na haishiki kutu haraka, kwa hiyo wanafunzi wa kazi huitamani. Fundi aliyekomaa anaikataa, kwa kuwa dizeli huila polepole na uchafu wake huishia kwenye filta na nozeli. Anachukua bati jeusi la milimita 2, na ndani anachomelea kuta zenye matundu. Wachota maji huweka majani juu ya maji ya ndoo ili maji yasimwagike njiani, na kuta hizo zinafanya kazi ileile. Bila kuta, breki moja ya ghafla inarusha makumi ya kilo za mafuta mbele, na mdomo wa bomba la kunyonyea unabaki mkavu. Injini inaingiza hewa, inazima. Juu huachwa nafasi, maana lita 100 za dizeli zikipata joto la nyuzi 25 zaidi huongezeka karibu lita 2. Chini kabisa panakaa nati ya kutolea maji.

Mshono unapimwa kwa povu la sabuni na hewa kidogo sana. Presha ya tairi ingelivimbisha tenki. Kisha linafungwa kwa pointi tatu juu ya mipira, ili chesisi ikijipinda kwenye makorongo isilipinde nalo.

Kinachostahili sifa kuliko vyote ni bomba jembamba la marejeo. Injini ya dizeli haichomi mafuta yote inayoletewa. Mengine huyarudisha kwenye tenki. Sasa, koki ya kuchagulia tenki ikibadilisha njia ya kunyonya tu, injini itavuta kutoka tenki la pili na kurudishia kwenye tenki kubwa ambalo bado limejaa, na dizeli itamwagika barabarani huku dereva akidhani anaitunza. Kwa hiyo koki lazima igeuze njia zote mbili kwa pamoja. Aliyechomelea vizuri bila kulijua hili hajamaliza kazi.

Siku ya kukabidhi gari, mafundi makini humsisitizia dereva aanze na tenki la pili mapema, kabla hata ya kufika Mto wa Mbu. Koki ikigoma hapo, au bomba likivuta hewa, tenki kubwa lina mafuta yake yote na gereji haiko mbali. Isipogoma, uzito wa nyuma unapungua kila kilomita, na springi zitakuwa zimepata nafuu lami itakapokwisha.