Freddie Mercury na Kiitikio cha Umati
Mwishoni mwa mwaka 2022, Doha ilipofurika wageni wa Kombe la Dunia, kijana wa Kikenya, Abubakr Abbas, aliketi juu ya kiti kirefu huko Souq Waqif akiwaelekeza watu kwenye kituo cha metro. Kazi hiyo ya kuchosha akaigeuza wimbo. Yeye alitaja metro kwa kipaza sauti, nao umati ukamjibu kwamba njia ni hii. Video zake zikaenea duniani kote.

Hapo ndipo mjadala juu ya Freddie Mercury ungestahili kuanzia. Waswahili wa ughaibuni, wa Doha na kwingineko, wamezoea kuuanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi. Alisoma shule ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Hayo yanatosha kumpatia makumbusho Shangani. Kumpatia ukuu hayatoshi. Wapo hata wanaoutegea sikio wimbo wa "Bohemian Rhapsody" (1975) ili walinase lile neno la Kiarabu ambalo mtoto wa chuoni hulifungulia somo, wakalifanya ushahidi wa Uzanzibari. Huko ni kuutwisha wimbo mzigo usio wake.

Wapinzani wake wana hoja nzito zaidi: nyingi kati ya nyimbo anazosifiwa hakuzitunga. "We Will Rock You" ni ya Brian May, "Radio Ga Ga" ya Roger Taylor, "Another One Bites the Dust" ya John Deacon. Msikilizaji aliyelelewa na taarab hashtuki, kwa kuwa kwake mtunzi ni mmoja na mwimbaji aweza kuwa mwingine. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba pia maneno ya wengine, na hakuna aliyemvua taji kwa sababu hiyo.

Hata hivyo "We Are the Champions" (1977) ni utunzi wake mwenyewe, na humo ndimo ukuu wake unamodhihirika. Ubeti huanza chini, kwa unyonge, kama mtu anayejieleza peke yake chumbani. Kisha kiitikio hufunguka kwa sauti ndefu zilizoachiana nafasi ya pumzi, kiasi kwamba hata asiyejua kuimba, wala asiyejua Kiingereza, hupata mahali pa kuingilia. "Bohemian Rhapsody" haina kiitikio kabisa. Queen wenyewe, walipofika kwenye sehemu yake ya opera, waliondoka jukwaani na kuiachia kanda iendelee. Ni kazi ya kustaajabiwa, na iliongoza chati za Uingereza mara mbili, mara ya pili baada ya kifo chake mwaka 1991. Lakini viwanjani watu huimba ile nyingine.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, alirusha sauti tupu isiyo na maneno, na maelfu wakairudisha kama walivyoipokea. Ni ufundi uleule wa kijana wa Souq Waqif, kwa koo lisilo na mfano.

Ikiwa ukuu wake ni kuitikiwa, basi swali la nani aliruhusiwa kuitikia halimo nje ya sanaa yake. Oktoba 1984 Queen walikwenda kutumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana ya makaburu, huku wasanii wengi wakiisusia Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Utetezi kwamba bendi haikujihusisha na siasa ni dhaifu, maana mwimbaji anayeishi kwa umati hawezi kudai kwamba hakuuona umati uliowekwa mbele yake. Wembley ilikuja miezi tisa baadaye, na fedha zilizochangwa siku ile zilikuwa za wenye njaa wa Ethiopia.