Ufundi wa Kuachia Breki

Kukanyaga breki hakuhitaji mwalimu. Yeyote anayeona ukuta mbele yake ataikanyaga, tena kwa nguvu zote. Ufundi unaanza baadaye, pale mguu unapoanza kuinuka. Dereva wa mashindano huikandamiza breki gari likiwa bado limenyooka, kisha, usukani unapoanza kukatwa, huiachia kidogo kidogo, hata gari linapofika ndani kabisa ya kona mguu uwe unaigusa tu. Yote hayo huchukua sekunde mbili, pengine tatu. Asiyeyajua hupitwa kona baada ya kona bila kuelewa amepungukiwa na nini, akidhani mwenzake ana injini kubwa zaidi.

Mshiko wa tairi una kikomo. Ukiutumia wote kupunguza mwendo, haubaki wa kugeuzia. Ukitaka kugeuza, sharti urudishe sehemu ya ule ulioipa breki. Tena breki husukuma uzito wa gari mbele, tairi za mbele zikakandamizwa na kushika vizuri. Ukiachia ghafla, pua inanyanyuka, tairi hizo zinapoteza mzigo, na gari linakwenda moja kwa moja nje ya kona ingawa usukani umekatwa. Ukichelewa kuachia, nyuma iliyobaki nyepesi inachomoka na kutaka kutangulia. Baina ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na anayeijua huondoa mguu kama mtu anayeshusha mtungi wa maji kichwani: hana haraka, wala hasiti.

Ni ufundi usioonekana. Mtazamaji wa Safari Rally aliyepanda kilima cha Naivasha huona vumbi na mkia wa gari ukipepea, mguu hauoni. Nataka kuusifu mguu huo, na kupitia kwake nijibu swali ambalo madereva wa ridhaa huulizana sana siku hizi: je, simuleta za mtandaoni, yaani mashine za kuigiza udereva mbele ya skrini, zina faida kwa mtu anayeshindana kwa fedha zake mwenyewe, au ni michezo ya watoto iliyopandishwa bei?

Tuanze na shida ya dereva huyo. Awe Nairobi, Iringa au Kampala, gari ni lake na hasara ni yake. Mashindano ya mwaka mzima yanahesabika kwa vidole, na katikati yake gari huwa juu ya mawe likisubiri kipuri kutoka ng'ambo. Akitaka kufanya mazoezi ya kona moja mara mia, atahesabu mafuta, tairi, pedi na diski za breki kabla hajaiwasha injini. Ufundi wa mguu unataka marudio, na marudio ndiyo kitu ambacho mfuko wake hauruhusu. Wenye timu kubwa wanaye mhandisi anayewasomea takwimu baada ya kila mzunguko. Yeye ana binamu yake mwenye saa ya mkononi.

Hapo ndipo simuleta inapolipa gharama yake, ilimradi mtu anunue kitu sahihi. Pedeli za bei ya chini hupima umbali: mguu umeshuka kiasi gani. Pedeli bora zina kipimo cha mzigo ndani yake, nazo hupima nguvu: mguu umekandamiza kwa uzito gani. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Breki ya gari la mashindano haishuki sana. Ni ngumu kama imegonga sakafu, na dereva huongoza shinikizo, si umbali. Mguu uliofundishwa kwa umbali utafika kwenye gari halisi ukiwa mgeni. Uliofundishwa kwa nguvu utakuta mambo unayoyafahamu.

Kisha kuna grafu. Baada ya mizunguko michache programu hukuchorea mstari wa breki yako, kona kwa kona. Mstari wa mwanafunzi hupanda taratibu kwa woga, hukaa juu muda mrefu, halafu huanguka wima. Wa fundi hupanda mara moja na kushuka kwa mteremko mrefu unaofuatana na usukani. Unaweka mistari miwili pamoja, wako na wa aliyekuzidi, na ubishi unakwisha. Nionavyo mimi, mstari huo peke yake una thamani kuliko usukani wowote wa kifahari. Dereva wa mashindano ya barabara za vumbi hupita barabara ile ile mara moja au mbili kwa siku, huku yenyewe ikizidi kuchimbika. Hapati nafasi ya kujilinganisha na nafsi yake hivyo.

Kushindana mtandaoni na watu halisi kunaongeza somo jingine, la kufunga breki ukiwa ubavuni mwa mtu. Mfano mzuri ni iRacing, iliyofunguliwa mwaka 2008 na Dave Kaemmer pamoja na John Henry. Huyo wa pili mashabiki wa Liverpool wanamjua, kwa sifa au kwa lawama, kama mmiliki mkuu wa klabu yao. Kule, magari yakigusana, wote wawili hupewa alama za adhabu. Hakuna anayeuliza nani mwenye kosa. Wageni hulia kwamba ni uonevu. Lakini utaratibu huo humfundisha dereva jambo ambalo mahakimu wa uwanjani hawana muda wa kulifundisha: kuwa na haki hakukurudishii bampa.

Viwanja vya iRacing hupimwa kwa leza, na matuta na viraka vya lami vikaingizwa kama vilivyo. Mtu anayekwenda Nordschleife ya Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70, anaweza kufika akijua kona ipi imejificha nyuma ya mgongo wa kilima. Kujifunza barabara kama ile kwa kuiendesha tu, kila mzunguko ukilipiwa, ni kazi ya tajiri.

Wako waliovuka kutoka kwenye skrini hadi ushindi. William Byron alianza kujifunza mbio kwenye iRacing nyumbani kwao, akaja kushinda Daytona 500 mwaka 2024 na tena 2025. Mhispania Lucas Ordóñez alishinda GT Academy, shindano la Nissan na PlayStation, mwaka 2008, na kufikia 2011 alikuwa amemaliza wa pili katika daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans. Lakini tusidanganyane: hao ni wachache waliochujwa kutoka kwa maelfu, na baada ya skrini walipewa magari, makocha na muda. Dereva wa ridhaa asinunue simuleta kwa ndoto ya Ordóñez. Ainunue kwa ajili ya kona moja anayokosea kila mara.

Na iko sehemu ambayo simuleta haiifikii kabisa: kiti. Habari za tairi za mbele dereva huzipata mikononi, na usukani mzuri wa simuleta huzileta kwa uaminifu. Unapokaribia kikomo cha mshiko, usukani huwa mwepesi kidogo, na mkono uliozoea hutambua. Habari za nyuma hupitia nyonga na mgongo. Katika gari halisi mwili unajua mkia umeanza kuondoka kabla jicho halijaona lolote. Mbele ya skrini mwili umekaa kimya, jicho peke yake ndilo linalokesha, nalo huchelewa. Kwa hiyo nusu ya pili ya ufundi wa kuachia breki, ile ya kuuruhusu mkia uzunguke kidogo ukusaidie kuingia kona, hujifunzwa pale kwa mwili uliopungukiwa hisia. Ongeza kwamba hakuna harufu ya pedi zinazoungua, wala hofu. Kuna kitufe cha kuanza upya, na mazoea yana taabu: aliyezoea kukibonyeza atajaribu siku moja mambo ambayo gari lake haliwezi kumsamehe.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mbio kubwa ni za barabara za vumbi, hesabu inabadilika tena. Safari Rally ilikuwamo katika mchezo wa WRC 9 uliotoka mwaka 2020, mwaka ambao Safari yenyewe ilifutwa kwa sababu ya korona. Vijana waliendesha Naivasha ya skrini kabla mabingwa wa dunia hawajaja mwaka 2021. Raha tupu, ila barabara za mchezoni si nakala ya zile halisi, na asitokee mtu akadhani amefanya ukaguzi wa njia. Wala hazifundishi Safari inachodai kuliko vyote, yaani kulihurumia gari. Mwaka huo wa 2021 Thierry Neuville aliongoza mpaka Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma ikavunjika, na Sébastien Ogier akaondoka na kombe.

Hata hivyo dereva wa vumbi ana faida mbili kwenye simuleta. Ya kwanza ni sikio. Michezo ya rali ina mwelekezi anayesoma barabara bila kuchoka (katika DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019 sauti ni ya Phil Mills, aliyekuwa bingwa wa dunia pamoja na Petter Solberg mwaka 2003), na kuendesha kona hii huku ukisikiliza ijayo ni ujuzi unaozoeleka hata sebuleni. Ya pili ni mguu wa kushoto. Kwenye changarawe breki hutumika kulisimamisha gari na pia kulielekeza, mguu wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta, na mguu wa kushoto wa mtu wa kawaida umezoea klachi tu. Utaikanyaga breki kama klachi, gari litajipiga breki hadi uso ukaribie usukani. Heri ujifunze hilo mahali ambapo kinachoharibika ni heshima yako peke yake.

Umeme utakatika ukiwa wa tatu kwenye mzunguko wa mwisho, na seva iliyo Ulaya itakuona umechelewa hata ulipowahi. Vumilia. Jibu langu ni kwamba simuleta inafaa, kwa mtu ambaye tayari ana gari au njia ya kulifikia, na anayekwenda uwanjani kila anapoweza kumwonyesha mwili kile ambacho mguu umejifunza. Kama una fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, nunua pedeli ya breki yenye kipimo cha mzigo, uifunge imara kwenye mbao nzito ili isikimbie, na usukani wa mitumba utakutosha kwa sasa.