Nidhamu ya Sun Ra

Kwetu Shume ukungu hukaa juu ya misonobari hadi saa nne asubuhi, na mtu hutoka na koti. Katika baridi hiyo ndimo nilimoisikiliza santuri ya mpiga kinanda Sun Ra iitwayo Nidhamu, kwa simu yenye spika mbovu. Jina hilo si tafsiri yangu. Ndilo lililoandikwa kwenye jalada.

Sisi wa mkoa wa Tanga tukisikia jazi tunakumbuka bendi za Atomic na Jamhuri, na dansi la kushikana viuno. Sun Ra hachezeki hivyo. Alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914, akiitwa Herman Blount, kisha akawaambia walimwengu kwamba kwao ni sayari ya Zohali. Desemba 1971 akatua Kairo na kundi lake, Arkestra. Vyombo vikazuiliwa forodhani. Salah Ragab, mpiga ngoma na ofisa wa jeshi la Misri, akawaazima vingine. Kanda za safari ile zilitoka katika santuri chache za Saturn, kampuni yake mwenyewe, ambayo majalada yake mengine wanabendi waliyachora kwa mkono. Mwaka 2020 kampuni ya Strut ikazikusanya, pamoja na nyimbo ambazo hazikuwahi kutolewa.

Mara ya kwanza nilidhani wapigaji wanagombana. Mara ya tatu nikaanza kusikia kuwa saksafoni moja inanyamaza pale pale nyingine inapopanda, na ngoma zinapisha bila kuombwa. Hilo halitokei kwa bahati. Kule Philadelphia, Marekani, wanabendi waliishi nyumba moja, wakifanya mazoezi kwa saa nyingi, na tungo zake kadhaa Sun Ra alizipa neno nidhamu kwa Kiingereza na namba: 11, 15, 27. Marshall Allen, mpulizaji aliyejiunga miaka ya 1950, alitimiza miaka 100 mwaka 2024 akiwa kiongozi wa Arkestra baada ya Sun Ra.

Kwetu nidhamu inanuka mstari wa shuleni: kucha, soksi, fimbo. Neno lenyewe tulilitoa kwa Waarabu, na Mmarekani akalirudisha kwao likiwa limevaa Kiswahili, likiwa na kazi nyingine: kujua lini usipige. Ufundi huo ndio ninaomhusudia, zaidi ya kanzu zake za kumetameta.

Jirani yangu, fundi seremala, alisimama mlangoni na randa mkononi, akasikiliza dakika mbili.

“Mzee, sasa hapo kiongozi nani?”

“Mpiga kinanda.”

“Mbona simsikii?”

“Subiri.”

Akaweka randa chini.