Februari 10: Uhakiki wa Orodha ya Siku

Ukurasa wa "siku kama ya leo" husomwa harakaharaka, aghalabu kati ya utabiri wa hali ya hewa na bei ya mahindi, na pengine ndiyo sababu wahakiki wetu wameupita bila kuutazama. Tuutwae wa Februari 10. Mwaka 1258: Baghdad yasalimu amri mbele ya jeshi la Hulagu. 1763: Uingereza, Ufaransa na Uhispania zatia sahihi Mkataba wa Paris. 1840: Malkia Victoria afunga ndoa na Albert. 1906: manowari Dreadnought yashushwa majini. 1947: Italia na wenzake walioshindwa vitani watia sahihi mikataba ya amani, Paris tena. 1962: Marekani na Muungano wa Kisovieti wabadilishana majasusi, Powers kwa Abel, kwenye daraja la Glienicke. 1996: kompyuta Deep Blue yamshinda Kasparov katika mchezo wa kwanza wa sataranji. Kati ya 1947 na 1962 pana nafasi ya mshororo mmoja ambao orodha zinazokopwa ng'ambo huuacha, nasi wa Bungoma na Mlima Elgon hatuna udhuru wa kuuacha: 1948, Malakisi.

Natumia neno mshororo kwa makusudi, kwa kuwa orodha hii ina umbo la utungo. Kila ingizo huanza kwa mwaka, ambao hukaa upande wa kushoto pasipo maelezo. Baada ya mwaka huja sentensi moja, yenye kitenzi kimoja aghalabu, na kitenzi hicho huwa katika wakati usiodhihirika: yasalimu, afunga, yashushwa, yamshinda. Wanafunzi wa sarufi hufundishwa kwamba wakati huu hauelezi bayana tendo limetendeka lini, na waandishi wa vichwa vya habari huupenda kwa ufupi wake. Katika orodha ya siku, hata hivyo, athari yake inapita ufupi. Mwaka unalifunga tendo mahali pake huku kitenzi kikilifungua, hivi kwamba Baghdad yaanguka kila Februari wala haijengwi upya, na Victoria afunga ndoa pasipo kuzaa wala kuwa mjane. Tendo lililokatwa namna hii halina matokeo. Mtangazaji wa redio, kwa upande wake, hurejesha kile ambacho gazeti hukificha: hutamka "siku kama ya leo" kabla ya kila mwaka, na hapo tunatambua kuwa maneno hayo ni kibwagizo, na kwamba maingizo yote ni beti fupi zinazoning'inia kwenye kibwagizo kimoja.

Viunganishi havipo. Huoni "kwa hivyo", "licha ya", wala "kutokana na". Mpangilio wa miaka ndio pekee unaobeba mantiki, nao hauahidi chochote zaidi ya kwamba hili lilitangulia lile. Mbinu hii naiita ujiranishi: matukio hukaribishwa kwenye kitongoji kimoja kwa sababu ya tarehe tu, kisha msomaji huachiwa kazi ya kuamua kama majirani hao wanajuana. Mara nyingi hawajuani, na orodha huwa haina hatia. Deep Blue haina neno na Hulagu. Lakini mara nyingine ujirani huo huzaa maana ambayo hakuna mwanahistoria angethubutu kuiandika kama hoja, na hapo ndipo fani inapolipa.

Tazama 1947 na mwaka unaofuata. Katika mkataba uliotiwa sahihi Paris Februari 10, 1947, Italia ilikana madai yake juu ya makoloni yake ya Afrika: Libya, Eritrea na Somalia. Askari wa King's African Rifles, wakiwemo Wakenya, walikuwa wamepigana na Waitalia hao hao katika Somalia na Ethiopia miaka michache kabla. Kwa kalamu moja, mbali sana, dola moja ya Ulaya ilipoteza Afrika yake. Ukapita mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, na Jumanne ya Februari 10, 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa, waliokuwa wakitaka wazungu waondoke, walikusanyika Malakisi na kufyatuliwa risasi na polisi. Watu 11 wakafa. Hakuna sababu inayounganisha Paris na Malakisi. Hata hivyo, msomaji anayeshuka kutoka mshororo wa 1947 kuingia wa 1948 hawezi kukwepa kuona njia mbili ambazo utawala wa kigeni hujadiliwa, moja mezani na nyingine mbele ya bunduki, na kuuliza ni nani aliyeketishwa kwenye meza ile. Orodha haijasema hivyo. Imepanga tu. Hata mshororo wa 1840, ulioonekana wa kupambia ukurasa, huanza kuwa na uzito tukikumbuka kuwa polisi wa Malakisi walikuwa wa Mfalme George wa Sita, kitukuu wa bibi harusi yule.

Basi mshororo wa Malakisi uandikweje? Hapa ufundi ni wa neno kwa neno, na naomba tukae hapo kidogo. Mhariri anaweza kuandika: "Watu 11 wauawa katika ghasia za Dini ya Msambwa, Malakisi." Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini kauli ya kutendwa imemwondoa mwenye bunduki, kisha kihusishi "katika" kimewaweka marehemu ndani ya ghasia zilizotajwa kuwa zao, kana kwamba walijiua wenyewe kwa kuwapo pale. Anaweza kuigeuza: "Polisi wa kikoloni wawapiga risasi na kuwaua wafuasi 11 wa Dini ya Msambwa, Malakisi." Mtenda amerudi, na hilo ni haki. Lakini wafuasi sasa ni yambwa tupu. Wanaingia katika historia kwa mlango wa risasi, na mtu asiyejua lolote angedhani kwamba maisha yao yote yalikuwa kungoja kulengwa. Mimi ningechagua umbo la tatu: "Wafuasi wa Dini ya Msambwa wakusanyika Malakisi, polisi wawafyatulia risasi, 11 wafa." Vitenzi ni vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Wafuasi wanatenda kwanza, wamekuja kwa nia yao, polisi wanatenda pili, na kifo kinabaki cha mwisho bila kivumishi. Koma inafanya kazi ambayo viunganishi vilikatazwa kuifanya: inaonyesha kuwa jambo moja lilijibiwa kwa lingine, na jibu halikulingana na swali. Sentensi hii inavunja kanuni ya kitenzi kimoja, na mhariri anayehesabu nafasi atanung'unika, lakini nafasi hiyo inastahili kutolewa.

Kuna dosari ya ndani ambayo hata mshororo bora hauitibu. Orodha ya siku hupanga historia kwa tarehe na mwezi, na hivyo hutawanya kisa kimoja kwenye kurasa nyingi. Elijah Masinde, kiongozi wa dini ile, mzaliwa wa Maeni huko Kimilili na mchezaji kandanda wa sifa katika ujana wake, alikamatwa Februari 16, 1948, akapelekwa Lamu kizuizini. Hilo ni la ukurasa mwingine. Kule Kolloa, Baringo, Lukas Pkiech, aliyeupeleka ujumbe wa Msambwa kwa Wapokot, aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi na maafisa kadhaa wa serikali Aprili 24, 1950; hilo ni la ukurasa wa mbali zaidi. Anayesoma Februari 10 asubuhi atapata Malakisi na Deep Blue, na atasubiri majuma kumi ili apate Kolloa, akiwa tayari amesahau. Fani inayowakutanisha wasiojuana inawatenganisha ndugu.

Wenyeji wa upande huu walikuwa na fani yao ya kuhifadhi wakati, na kuilinganisha na orodha kunaangaza zote mbili. Wabukusu hupanga watu kwa marika yenye majina manane yanayofuatana katika mzunguko unaokaribia karne moja, na Wasabaoti wa mlimani wana mzunguko wa namna hiyo wenye baadhi ya majina yale yale: Maina kwa wote, Kolongolo ambao juu ni Korongoro. Nao ni mzunguko, kama kalenda ilivyo mzunguko. Jina hurudi kama Februari 10 inavyorudi. Tofauti ni kwamba kinachorudi katika rika ni kundi la watu waliotahiriwa pamoja na wanaodaiana wajibu, ilhali kinachorudi katika kalenda ni namba, isiyodai mtu kitu. Na palipohitajika kumbukumbu ya tukio moja mahsusi, mahali palitangulia tarehe. Mwaka 1947 Masinde aliwaongoza wafuasi wake hadi boma la Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka waliouawa na majeshi ya wakoloni mwaka 1895. Hawakuhitaji kujua ilikuwa tarehe ngapi. Walijua boma lilipokuwa.

Kwa kweli tarehe yenyewe si thabiti kama inavyojionyesha. Baghdad iliposalimu amri, wenyeji wake waliihesabu siku hiyo kuwa ya mwezi wa Safar, mwaka 656 Hijria, na ile Februari 10 tunayoitaja ni ya kalenda ya Juliasi, isiyolingana na yetu ya leo. "Siku kama ya leo" kwa 1258 ni ubunifu wa kihariri. Simlaumu mhariri kwa hilo. Kila utungo una mapatano yake na msomaji, na mapatano haya yamedumu kwa kuwa yanatufaa. Nataka tu tukumbuke kuwa ni mapatano, maana tutayahitaji hapa chini.

Kapsokwony ndipo fani hii inapokwama. Mji huu ulio juu ya Kimilili, uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mlima Elgon ilipomegwa kutoka Bungoma mwaka 1993, una historia nzito ambayo karibu yote haina tarehe. Historia ya ardhi ya Chebyuk, mpango wa makazi ulioanza 1971 kwa ajili ya watu waliotolewa Chepkitale, husimuliwa kwa awamu, au fezi kama wasemavyo wenyewe: fezi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fezi haina asubuhi iliyoanza wala jioni iliyokwisha. Ni orodha za majina zilizofutwa na kuandikwa upya, ni shamba lililolimwa na mtu aliyeambiwa baadaye kuwa si lake. Mzozo wa fezi ya tatu ndio uliozaa kundi la Sabaot Land Defence Force lililotesa na kuua kuanzia 2006. Katika mambo hayo yote orodha ya siku haina pa kushika. Inapata pa kushika serikali inapotangaza: Machi 2008, jeshi laanza Operesheni Okoa Maisha; Mei 16, 2008, Wycliffe Matakwei, kiongozi wa wapiganaji, auawa. Huu ni upendeleo wa kimuundo, si wa mhariri fulani. Fani inayodai siku humpa nafasi mwenye uwezo wa kuchagua siku, naye kwa kawaida ni mwenye mhuri, kipaza sauti au bunduki.

Katika operesheni ile wanaume walikusanywa kijiji kwa kijiji na kupelekwa kuchujwa katika kambi ya kijeshi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu mateso na watu waliotoweka, kama yalivyoandika kuhusu waliotekwa na kuuawa na wapiganaji kabla ya hapo. Aliyetoweka ndiye mtihani mkali zaidi wa fani hii. Hana tarehe ya kufa. Sheria ya Kenya huruhusu mtu adhaniwe amekufa baada ya miaka saba bila habari zake, yaani hutengeneza tarehe kwa kuhesabu, na familia inayotaka kurithi shamba hulazimika kuipokea. Orodha ya siku ingeweza kumwingiza kwa tarehe hiyo ya kisheria, lakini hiyo ingekuwa tarehe ya karani.

Napendekeza aingizwe kwa siku aliyoonekana mara ya mwisho, ambayo jamaa zake wanaijua vizuri sana, na kwa vitenzi viwili: "achukuliwa, hajarudi." Kitenzi cha kwanza ni cha orodha, cha wakati usiodhihirika kama vingine vyote. Cha pili kina -ja-, kiambishi ambacho sijakiona katika orodha yoyote ya namna hii, maana kinakiri kuwa jambo halijafungwa na kwamba mshororo utalazimika kuhaririwa siku ukweli ukijulikana. Mhariri atasema kwamba kutorudi si tukio, na kwamba ukurasa wake ni wa matukio. Nitamjibu kuwa ukurasa huo huo umekwisha kubali Februari 10 ambayo Baghdad haikuijua. Mapatano yaliyonyumbuka kwa ajili ya 1258 yanaweza kunyumbuka kwa ajili ya 2008, ambayo mashahidi wake bado wapo Kopsiro, Cheptais na Kapsokwony kwenyewe, na wanaweza kuulizwa tarehe.