Kusimika Kinanda cha Santuri Chiola

Mhandisi anapobuni chombo hubuni pamoja nacho, bila ya kuichora, nyumba kitakamowekwa: sakafu yake, umeme wake, taa zake, hewa yake, na hata mwendo wa watu watakaopita kando yake, na chombo hicho kikisafirishwa hadi nchi nyingine, nyumba ile ya dhana husafiri nacho ndani ya sanduku, ingawa haikutajwa popote katika kijitabu cha maelezo. Nililiona jambo hili dhahiri huko Chiola, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, tulipokisimika kinanda kipya cha santuri nyumbani kwa mzee mmoja mkulima wa korosho, ambaye alizihifadhi santuri zake miaka mingi baada ya kinanda chake cha kwanza kufa. Nasadiki kwamba hitilafu nyingi ambazo watu huzihesabu kuwa ni ubovu wa kinanda kipya si ubovu asilani, bali ni masharti ya nyumba ile isiyoonekana ambayo hayakutimizwa; na ajuaye kuyatafuta masharti hayo, moja baada ya jingine, atapata sauti njema kutoka katika chombo cha bei ya wastani.

Wenyeji wa Nachingwea wana historia yao katika maudhui haya. Mpango mkubwa wa karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947 kisha ukafika hapa, uliletwa pamoja na mashine nzito zilizokusudiwa kufyeka misitu ambayo mizizi yake na udongo wake havikupimwa sawasawa kabla ya hesabu kuandikwa Uingereza. Serikali iliyouanzisha ikauacha mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kinanda cha santuri ni kitu kidogo mno mbele ya msiba ule, lakini kanuni ni ileile: kupima kwanza mahali, ndipo kukiamini kipimo cha mtengenezaji.

Gramafoni ya kamani waliyoijua wazee haikuwa na masharti mengi. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodiwa na His Master's Voice, santuri zilizorejea Zanzibar na kuenea pwani nzima zilipigwa kwa chombo kilichotiwa ufunguo kwa mkono, kisichohitaji umeme, na chenye sindano ya chuma iliyobadilishwa kila upande wa santuri ulipokwisha. Kichwa cha gramafoni ile kiliielemea santuri kwa uzito uliozidi gramu 100, na uzito huo ulikuwa ndio ulinzi wake, kwani meza ikiyumba au sakafu ikitikisika sindano haikuwa na nguvu ya kutoka katika mfuo. Kinanda cha leo huielemea santuri kwa gramu 2 hivi. Katika tofauti hiyo ya mara 50 ndimo zilimo faida zote za kinanda kipya na adha zake zote, maana sindano nyepesi haiili santuri, bali husikia kila kitu, pamoja na yale ambayo hatukumwomba asikie mtu yeyote.

Tulianza na usawa, na pimamaji ya fundi mwashi tuliiweka juu ya sahani yenyewe inayozunguka, wala si juu ya sanduku la kinanda, kwa kuwa viwili hivyo havilingani siku zote. Sakafu ya nyumba zetu aghalabu huinamishwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke, na meza iliyosimama juu yake huinama nayo. Tungaliweza kutia vipande vya karatasi chini ya miguu ya meza, lakini meza ilikuwa nyembamba na watoto hupita mbio. Kwa hivyo tukaona heri kupigilia ukutani rafu ya mninga, nzito, juu ya vyuma viwili vilivyozama katika matofali ya kuchoma, tukaisawazisha rafu kabla ya kukiweka kinanda. Hapo ndipo ilipodhihiri ajabu ya kwanza ya umbo la kinanda hiki. Miguu yake imetiwa kamani laini na mpira, kwa sababu aliyekibuni alifikiria sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nafasi tupu, ambayo hurukaruka mtu akitembea. Ukuta wa Chiola haurukiruki. Kamani zile hazikuwa na kazi ya kufanya, na kwa kukosa kazi zikazua nyingine: kila mkono wa sindano uliponyanyuliwa, kinanda kizima kilipepesuka kama mashua gatini. Tuliiondoa miguu, tukakiegemeza kinanda juu ya vipande vinne vya mpira mgumu uliokatwa katika tairi kuukuu, na mpepesuko ukakoma.

Mkono wa sindano unastahili kuelezwa kwa wasaa, kwani ndipo watu wanapofanya haraka. Mashine inayokata santuri kiwandani hupeleka kisu chake katika mstari ulionyooka kutoka ukingoni hata katikati. Mkono wa kinanda, ukiwa umefungwa upande mmoja, hauwezi ila kuchora tao. Kwa hiyo sindano haiwezi kuukabili mfuo sawasawa safari nzima, na hesabu ya kulipunguza kosa hilo, aliyoifafanua Mswidi Erik Löfgren mwaka 1938, inatuambia kwamba mkono ukipindwa kwa pembe maalumu na ncha yake ikapitiliza kidogo kitovu cha sahani, yatapatikana mahali pawili ambapo kosa ni sifuri: kwa santuri kubwa ni takriban milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati. Karatasi ya vipimo yenye alama hizo mbili ilikuwamo ndani ya sanduku. Kichwa cha sindano hufunguliwa skrubu zake mbili, kikasogezwa mbele au nyuma hata ubavu wake ulingane na mistari katika alama zote mbili, si moja. Ikilingana katika moja tu, kazi haijakwisha. Maelezo yalidai kwamba kiwanda kimekwisha kulipanga jambo hili. Kiwanda kililipanga, na safari ikalipangua.

Kisha ukaja uzito. Uzito wa nyuma huzungushwa mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, huku kifuniko cha plastiki cha sindano kikiwa kimevuliwa, kwani kikiachwa huhesabiwa pamoja na kichwa na kipimo chote huwa batili. Kisha gurudumu la namba huwekwa kwenye sifuri, na uzito ukazungushwa tena hadi namba itakiwayo, ambayo kwa sindano hii ni 2. Hatukuiamini namba hiyo mpaka tulipoazima mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu. Mizani hiyo nayo ina hila yake, kwa sababu ndani ya kichwa cha sindano mna sumaku, na sumaku ikiwa karibu na kisahani cha chuma huvutana nacho, mizani ikasoma uzito usiokuwapo. Tukaweka kipande cha ubao juu ya kisahani, chenye kimo cha kuifikisha sindano pale ambapo santuri ingekuwapo, tukairudisha mizani kwenye sifuri, ndipo tukapima. Gurudumu lilikuwa limepunja takriban robo gramu. Huenda mtu akaona robo gramu ni kitu duni. Lakini katika gramu 2 hiyo ni sehemu moja ya nane, na sindano iliyo nyepesi kupita kiasi huruka ndani ya mfuo na kuuchubua zaidi kuliko iliyo nzito kidogo. Laiti wauzaji wangeliwaeleza wanunuzi jambo hili moja tu, santuri nyingi zingaliokoka.

Upande wa mwendo ulitushughulisha zaidi. Pamoja na kinanda ililetwa karatasi ya duara yenye mistari ukingoni, ambayo ikizunguka chini ya taa ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama ulio Tanzania, huonekana imesimama kimya pindi mwendo unapokuwa sahihi: mistari 180 kwa mwendo wa 33⅓. Siri yake ni kwamba taa ya umeme huo hupepesa mara 100 kila sekunde, na kila mpepeso humulika mstari mmoja mahali pa mstari uliotangulia. Nyumba ile ya Chiola huwashwa kwa taa za sola. Umeme wa betri hutiririka bila ya kupepesa, na chini ya taa yake mistari ile ilikuwa ukungu tu, kwa mwendo wowote. Kipimo kilikuwa sahihi na taa zilikuwa njema, ila havikukusudiwa kukutana. Mzee ndiye aliyetoa shauri la kuhesabu: tukabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, santuri ikiwa juu yake na sindano imo mfuoni, kwa maana msuguano wa sindano nao huipunguzia sahani mwendo, tukahesabu mizunguko 100, ambayo kwa 33⅓ yapasa kutimia katika dakika 3 kamili. Kwa 45, mizunguko 45 katika dakika moja. Chini ya mota mna matundu mawili yenye skrubu ndogo, moja kwa kila mwendo, na kwa bisibisi nyembamba tukausogeza mwendo kidogo kidogo hata saa na sahani zikapatana. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6 muziki hupanda takriban nusu toni, na mpiga gitaa anayetaka kuifuata santuri hulazimika kukaza nyuzi zake upya.

Kinanda hiki kina mota ya umeme wa moja kwa moja, basi idadi ya mizunguko ya umeme haikihusu. Namwonya hata hivyo anayefikiria kununua kinanda cha mtumba kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60: kikiwa na mota inayoufuata umeme, hakitamfikishia hata mwendo wa 28 pale anapotaka 33, na kibadilisha volti hakitamsaidia, kwani hubadilisha volti peke yake.

Kwa kuwa kinanda hutumia volti 12, ilikuwa rahisi kukifunga katika betri ya sola pasi na kupitia mashine ya kugeuza umeme. Lakini betri inayochajiwa mchana hupanda zaidi ya volti 14, na kwa hiyo tulitia kati kidhibiti cha volti. Sabufa ya nyumbani nayo ilikuwa ya volti 12, na vyote viwili vilipounganishwa katika waya mmoja, mngurumo wa mota ukaingia katika muziki. Tukavitenganisha, kila kimoja na waya zake mpaka kwenye vichwa vya betri, mngurumo ukaondoka. Sabufa ilihamishwa pia kutoka kwenye rafu hadi sakafuni, pembe ya mbali ya chumba, kwani mtikisiko wake ulikuwa ukiirudia sindano na sindano ikiurudisha kwa sabufa, hata ukawa mlio usiovumilika. Santuri zilizopindwa na joto la bati zilibaki na taabu ya namna nyingine: sindano hupanda na kushuka nazo kila mzunguko, na kipaza sauti kikubwa hutapatapa kwa mawimbi ambayo sikio haliyasikii. Kwa santuri hizo besi hupunguzwa.

Kioja kilichonikera kuliko vyote ni kujizima. Kinanda hupima pembe ya mkono, na mkono ukikaribia katikati mota hukatwa. Sasa, nyimbo za bendi zetu zilizotolewa katika santuri ndogo za 45 zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja, zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Na mafundi, wakitaka kuubana muziki mwingi iwezekanavyo, walisogeza mifuo karibu kabisa na lebo. Kwa kinanda hiki, huko tayari ni mwisho. Gitaa lilikatwa likiwa katika utamu wake, upande baada ya upande. Chini ya sanduku, mahali ambapo maelezo hayakupataja, mna swichi ya kuiondoa tabia hiyo. Tukaiondoa, na tangu hapo msikilizaji huinuka mwenyewe kuunyanyua mkono.

Yamebaki mawili. Korosho hupulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na unga ule hufika kila mahali. Salfa huzitia weusi shaba na fedha, kwa hiyo vichwa vya waya hufutwa kila msimu wa kupuliza ukiisha, na kinanda hufunikwa muda wote usiokuwa wa kupigwa. La pili ni santuri chache za mwendo wa 78, zilizofinyangwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, na unga wa mawe. Hizo haziguswi na spiriti, ambayo huziyeyusha, bali huoshwa kwa maji na sabuni hafifu na kukaushwa upesi. Mifuo yao ni mipana, yataka sindano ya elfu tatu za inchi, ilhali iliyokuja na kinanda haifiki hata elfu moja, nayo ikitiwa humo huzama chini kabisa na kuokota taka tu. Sindano pana imeagizwa Dar es Salaam. Mpaka ifike, santuri hizo zimesimamishwa wima ndani ya majaketi yao katika chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri.